Mbwa Akila Chakula Kisichomfaa: Usingoje Dalili

Sherehe imekwisha, wageni wameondoka na vyombo vimerundikwa karibu na mfereji. Unatoka nje kumwaga maji, unamkuta mbwa amepindua ndoo ya taka. Mifupa ya kuku imetawanyika uani, bakuli la kachumbari limerambwa likang'aa, na nusu ya keki ya zabibu iliyowekewa watoto haipo. Mbwa mwenyewe anatikisa mkia. Anaonekana mzima kabisa.

Wengi wetu hapo hucheka, tukamkemea kidogo, kisha tukaenda kulala. Mbwa wa kienyeji, tunasema, hula chochote. Ni kweli kwamba mbwa hustahimili mengi. Lakini baadhi ya vyakula tunavyokula sisi kila siku bila shida ni sumu kwake, kwa sababu mwili wake hauwezi kuvishughulikia kama wetu. Tena sumu nyingi kati ya hizo hazijitokezi papo hapo. Chokoleti huchukua saa kadhaa. Zabibu huchukua siku moja hadi tatu. Kitunguu kinaweza kuchukua siku tatu hadi tano. Mbwa anapoanza kulegea, muda ambao daktari angeweza kuitoa sumu tumboni huwa umekwisha kupita.

Ndiyo sababu makala haya yana ujumbe mmoja mkuu kwa kila mkazi anayefuga mbwa: ukijua kwamba amekula kitu hatari, usingoje dalili. Kwa kawaida daktari wa mifugo anaweza kumtapisha mbwa kwa manufaa ndani ya takriban saa mbili baada ya kula. Baada ya hapo chakula huwa kimeanza kuteremka kwenye utumbo, na kazi inayobaki ni kupambana na madhara.

HATUA TANO ZA KWANZA

1. Mzuie asiendelee kula. Mwite kwa upole au mvute kwa kamba yake, kisha ufagie kilichobaki. Usimnyang'anye chakula mdomoni kwa nguvu. Hata mbwa mpole huuma akitetea mfupa. Watoto wakae mbali. Ikiwa una mbwa zaidi ya mmoja, wafunge wote, kwa sababu hujui nani alikula nini.

2. Tambua alichokula. Tafuta pakiti, karatasi au mabaki. Usitupe pakiti hata kama imeraruliwa. Maandishi yaliyo nyuma yake yanaweza kumsaidia daktari kuamua matibabu. Akitapika, piga picha ya matapishi kabla ya kuyasafisha.

3. Kadiria kiasi na saa. Mlinunua keki ya kilo ngapi na imebaki ngapi? Mara ya mwisho kuiona ikiwa nzima ilikuwa saa ngapi? Kama huna hakika, chukulia kwamba amekula kiasi kikubwa zaidi kinachowezekana.

4. Jua uzito wake. Kipimo cha hatari hutegemea uzito. Kitu ambacho mbwa wa kilo 25 atakivumilia kinaweza kumuua mtoto wa mbwa wa kilo 3. Mbebe na upande naye kwenye mizani, kisha utoe uzito wako. Kama huna mizani, kadiria tu, usipoteze muda.

5. Mpigie simu daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi yako. Mpe habari zote kwa pamoja. Kwa mfano: "Daktari, nina mbwa dume wa miaka mitatu, kama kilo 15. Amekula nusu ya keki yenye zabibu mwendo wa saa mbili usiku. Sasa ni saa mbili na nusu. Bado hajatapika na hajalegea. Niko karibu na soko na naweza kufika kwa boda boda." Kwa sentensi hizo chache daktari anaweza kuamua kama mbwa aletwe mara moja au aangaliwe akiwa nyumbani.

MAMBO YA KUTOFANYA

Mara nyingi kinachomdhuru mbwa zaidi ni haraka ya mwenyewe kutaka kumsaidia. Yafuatayo hufanywa sana vijijini na mitaani, na hayafai.

Usimmiminie maziwa wala mafuta ya kupikia. Wengi huamini kwamba maziwa hukata sumu. Hayaikati. Kioevu kinachomiminwa kwa nguvu kwenye koo la mbwa kinaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia, na mafuta ndiyo mabaya zaidi kwa jambo hilo.

Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa. Inaweza kumfanya atetemeke, apate degedege na afe, hata kama alichokula mwanzoni hakikuwa hatari sana.

Usimtie vidole kooni. Atakuuma, na unaweza kumjeruhi koo.

Usimtapishe bila kuagizwa na daktari. Mbwa aliyemeza mfupa wenye ncha, mafuta ya taa, dawa ya kusafishia choo au asidi ya betri hatakiwi kutapishwa kabisa, kwa sababu kitu hicho kitamchoma au kumkata mara ya pili kikirudi juu. Mbwa aliyelegea, anayetetemeka au aliyezimia pia asitapishwe, maana matapishi yatamwingia mapafuni.

Usimpe makaa ya jikoni yaliyosagwa. Ni kweli madaktari hutumia mkaa kufyonza sumu, lakini huo ni mkaa wa dawa uliotayarishwa kiwandani kwa njia maalumu. Makaa ya jiko hayafanyi kazi hiyo.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli huharibu ini na damu ya mbwa, na ibuprofeni hutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Mbwa anayeumwa tumbo akipewa tembe hizo huwa na maradhi mawili badala ya moja.

VYAKULA VYA KUTILIA MAANANI

Chokoleti na kakao. Ndani yake mna kemikali iitwayo theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole sana. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi na chungu, ndivyo ilivyo hatari zaidi. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 100 za chokoleti ya maziwa zinaweza kutosha kuanzisha dalili. Kwa unga halisi wa kakao, vijiko viwili vya kulia vinaweza kutosha. Mbwa huhangaika, hutapika, huhema, moyo humwenda mbio, na kiasi kikiwa kikubwa hupata degedege. Kahawa na majani chai huleta madhara yanayofanana na hayo, kwa hivyo usiyamwage mahali anapoweza kuyafikia.

Zabibu, mbichi au kavu. Hizi huharibu figo. Mbwa mmoja anaweza kula chache akaugua vibaya, mwingine akala nyingi asipatwe na neno, kwa hivyo hakuna kiasi kinachohesabiwa kuwa salama. Keki, mkate wenye zabibu na pilau au biriani iliyotiwa zabibu zote zimo. Wataalamu sasa wanaishuku asidi ya tataiki iliyo ndani ya zabibu. Asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju, na kuna mbwa waliougua figo baada ya kula ukwaju. Wakazi wanaotengeneza maji ya ukwaju au achari wasimtupie mbwa makapi yake.

Vitunguu vya aina zote. Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani ya kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kuvipika hakuondoi hatari, na unga wake uliomo katika viungo vya supu una nguvu zaidi. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 za kitunguu, yaani kitunguu kimoja kikubwa, zinaweza kuleta madhara. Mbwa anayepewa masalio ya mchuzi na kachumbari kila siku anaweza kudhurika kidogo kidogo bila mtu kutambua. Angalia ufizi wake: ukigeuka mweupe, na mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Peremende na chingamu zisizo na sukari. Baadhi yake hutiwa utamu ambao kwenye pakiti huandikwa xylitol au E967. Utamu huo hupatikana pia katika baadhi ya dawa za meno na siagi ya njugu. Kwa binadamu hauna neno. Kwa mbwa huishusha sukari ya damu ghafla, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na unaweza kuharibu ini. Vipande viwili vitatu vya chingamu vinaweza kutosha kumwangusha mbwa mdogo. Ukiwa mbali na ukaona ameanza kuyumba, mwambie daktari kwa simu. Anaweza kukuagiza umpake asali kidogo kwenye ufizi mkiwa njiani.

Donge la unga lenye hamira, na pombe. Unga wa mahamri ulioachwa uumuke huendelea kuumuka ndani ya tumbo la mbwa, ambalo lina joto zuri kwa hamira. Tumbo huvimba, na hamira hutoa pombe inayoingia kwenye damu. Vivyo hivyo, mbwa anayekula machicha ya busaa au kulamba mnazi uliomwagika halewi kwa mzaha kama tunavyodhani. Pumzi yake hupungua, joto la mwili hushuka, na anaweza kufa akiwa amelala.

Makadamia. Wakazi wa maeneo yanayolima zao hili, kama Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, wajue kwamba njugu hizi humfanya mbwa alegee miguu ya nyuma, atetemeke na kupata homa ndani ya saa 12. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini mwenye mbwa asiyejua sababu hudhani amepooza.

Mafuta ya nyama. Ngozi ya kuku, vipande vya mafuta vilivyokatwa kwenye nyama choma na mafuta yaliyobaki kwenye karai vinaweza kuchochea uvimbe wa kongosho. Mbwa hutapika, hakubali kula na hujikunja mgongo kwa maumivu. Usimpe mlo wa mafuta mengi eti kwa sababu ni sikukuu.

MIFUPA, MAGUNZI NA KOKWA

Si kila hatari ni sumu. Mfupa wa kuku uliopikwa hukauka na kupasuka kama kibanzi chenye ncha, na unaweza kutoboa utumbo. Mwiba wa samaki unaweza kukwama kooni. Kokwa ya avokado huteleza na kuziba njia.

Lakini kwa nyumba zetu, kitu cha kuangalia zaidi ni gunzi la mahindi. Mahindi ya kuchoma yakiliwa, magunzi hutupwa uani. Mbwa huvutiwa na harufu ya chumvi na ndimu, akalikata gunzi vipande na kuvimeza. Gunzi haliyeyuki tumboni. Linaweza kukaa humo siku kadhaa, kisha likasogea na kuziba utumbo. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka mahindi ya juma lililopita.

Dalili za utumbo kuziba ni hizi: mbwa anatapika tena na tena, hata maji, hali chakula, hapati choo, au anajikaza bila kutoa kitu, tumbo ni gumu na linamuuma ukiligusa. Hapo dawa ya minyoo haisaidii, na dawa ya kuharisha inaweza kumzidishia. Anahitaji daktari, na mara nyingi upasuaji.

Ukiona uzi, mfupa au kamba imetokeza nyuma yake, usiivute. Upande mwingine unaweza kuwa umejikunja kwenye utumbo, na kuvuta kutaukata.

MAHINDI YENYE KUVU: "MPE MBWA" SI JIBU

Kuna neno ambalo husikika katika nyumba nyingi mahindi yanapoharibika: "Hayo msile, wapikieni mbwa." Neno hilo limeua mbwa wengi, na linaficha hatari iliyo kubwa kuliko mbwa.

Mahindi, njugu na nafaka nyingine zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wakenya tunaijua. Mwaka wa 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafariki. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi sana. Ugali wa unga wa kuvu ukiwa ndio chakula chake cha kila siku, ini lake huharibika kidogo kidogo. Kwanza hupoteza hamu ya kula na kuwa mzito. Baadaye hutapika, macho na ufizi hugeuka rangi ya manjano, na kinyesi huwa cheusi au chenye damu. Sumu hii haina dawa ya kuikata. Daktari husaidia ini kujiponya, kama bado linaweza.

Yapo mambo matatu ambayo kila mkazi anapaswa kuyashika. La kwanza, kupika hakuondoi aflatoksini. Moto wa jiko hauimalizi. La pili, kupepeta na kuosha hakutoshi, kwa kuwa sumu inaweza kuwemo hata pale ambapo kuvu haionekani. La tatu, usimpe ng'ombe wala kuku mahindi uliyomkataza mbwa. Ng'ombe wa maziwa akila sumu hiyo, sehemu yake huingia kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto wako.

Kwa hivyo mbwa wako akiugua ini baada ya kula ugali wa unga wa nyumbani, jiulize mara moja: unga huu unaliwa na nani mwingine? Acheni kuutumia, weka kiasi kidogo kando kwenye mfuko safi kwa ajili ya uchunguzi, na umjulishe afisa wa mifugo na afisa wa kilimo wa wadi. Msimu wa mavuno ujao, kausha mahindi hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, yaanike juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na uyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

ANATOKWA NA MATE: NI MFUPA AU NI KICHAA CHA MBWA?

Sehemu hii isomwe na kila mtu nyumbani, wakiwemo watoto wa shule.

Mbwa aliyekwamwa na mfupa hutokwa na mate, hupapasa mdomo kwa miguu na hushindwa kumeza. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa naye hutokwa na mate, taya hulegea na hushindwa kumeza. Kwa macho ya mtu wa kawaida wanafanana. Watu wengi hufikiri ni mfupa, wakamfungua mdomo na kuingiza mkono. Ikiwa ni kichaa cha mbwa, mate hayo yana virusi, na mchubuko mdogo kwenye kidole unatosha kuwa mlango.

Usiingize mkono mdomoni mwa mbwa ambaye hukumwona akimeza mfupa. Shuku kichaa cha mbwa zaidi ikiwa hajachanjwa, ikiwa sauti yake imebadilika, ikiwa amekuwa mkali au mwoga kuliko kawaida yake, ikiwa anauma vijiti na mawe, au ikiwa aliumwa na mbwa mwingine miezi iliyopita. Mfungie ndani ya chumba au ua bila kumgusa, zuia watu na wanyama wengine, na upige simu ofisi ya mifugo.

Ikiwa umeumwa, umekwaruzwa, au mate yamegusa kidonda, jicho au mdomo wako, osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Ikiwa ni jicho au mdomo, tumia maji safi pekee. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, na umalize dozi zote utakazopangiwa. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa, karibu kila mara hufa; akipata chanjo mapema, huokoka. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia mwaka wa 2030. Mkakati huo hautafaulu bila wenye mbwa kuwachanja kila mwaka, kuanzia wanapofikisha miezi mitatu.

KUMFIKISHA KWA DAKTARI

Kwa wengi wetu usafiri ni boda boda. Tumia kreti ya plastiki au kikapu kipana kilichotandikwa nguo kuukuu, na mtu wa pili akae nyuma akimshika. Usimfunge ndani ya gunia, na usimfunge mdomo kwa kamba ikiwa anatapika au anahema; atakabwa na matapishi yake. Akiwa amezimia, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko mwili, ili mate na matapishi yatoke. Akiwa na degedege, usimshike ulimi. Ondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi, punguza kelele na mwanga, na uhesabu dakika.

Ikiwa ni usiku na daktari yuko mbali, usikate simu baada ya kuambiwa umbali. Tuma picha ya pakiti, ya ufizi na ya matapishi. Uliza: nimpe maji? Nimwangalie hadi saa ngapi? Dalili ipi ikitokea nisisubiri asubuhi? Andika majibu. Mweke mahali penye joto na utulivu, na umwangalie kila baada ya nusu saa.

Dalili zifuatazo hazisubiri asubuhi: kuanguka au kuzimia, degedege, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba ghafla, kutapika damu, kujaribu kutapika bila kutoa kitu, na ufizi uliogeuka mweupe, wa buluu au wa manjano.

NANI ANAYERUHUSIWA KUMTIBU

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za mifugo ni jukumu la serikali za kaunti. Usimamizi wa taaluma yenyewe umebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, kupitia Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayofahamika kwa kifupi kama KVB. Bodi hiyo husajili madaktari na wahudumu wasaidizi wa mifugo chini ya sheria ya mwaka wa 2011. Una haki ya kumwomba anayekuja kumtibu mnyama wako akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu.

Wengi hukimbilia duka la agroveti kwa sababu liko karibu. Baadhi ya maduka hayo yana wahudumu waliosajiliwa, na hao watakusaidia vizuri. Lakini usinunue sindano ukamdunge mbwa mwenyewe kwa kukisia. Muulize muuzaji kama amesajiliwa, na kama hajasajiliwa, akupe namba ya aliyesajiliwa.

Fanya jambo moja leo, kabla ya haja: nenda katika ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo, uchukue namba ya simu ya afisa wa mifugo, na uiandike ukutani jikoni. Saa nne usiku si wakati wa kuanza kuulizia majirani.

MBWA ALE NINI BASI?

Hakuna haja ya kununua chakula cha dukani ili mbwa awe salama. Ugali wa unga safi pamoja na omena iliyochemshwa, wali mtupu, nyama au maini kidogo yaliyochemshwa, yai lililoiva, karoti na malenge, vyote vinamfaa. Mpimie chakula chake kabla hujatia vitunguu, chumvi na viungo kwenye sufuria. Maji safi yawepo wakati wote.

Matumbo na mapafu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo yenye malengelenge ya maji usimpe kamwe. Malengelenge hayo hubeba minyoo ambayo mbwa huitoa kwenye kinyesi, na mayai yake yakimwingia mtu humwotesha uvimbe mkubwa kwenye ini au mapafu. Wanaochinja nyumbani wayachome au wayafukie kwenye shimo refu.

Funika ndoo ya taka, au uitundike. Wakati wa sherehe, mteue mtu mmoja wa kukusanya mifupa na magunzi kabla ya wageni kuondoka. Waambie wageni kwa upole wasimtupie mbwa chakula. Mgeni hana njia ya kujua kwamba keki ina zabibu. Wafundishe watoto kwamba peremende si za kugawana na mbwa.

Mbwa hulinda boma usiku, huenda malishoni na watoto na huwabwekea wezi kabla hatujaamka. Hawezi kutuambia kwamba tumbo linamuuma, wala hawezi kukumbuka alichokula jana. Kukumbuka ni kazi yetu. Ukimkuta kesho kando ya ndoo iliyopinduliwa, mkia ukitikisika, angalia kwanza saa, kisha uchukue simu.